Turubai Bila Muziki

Kahawa ninayokunywa nyumbani haitoki dukani. Inatoka kwa mkulima mmoja wa Mbinga, na namjua yeye, namjua mkewe, na naujua mteremko wa shamba lake, kwa sababu miaka michache iliyopita gari la ofisi yetu lilinasa kwenye tope mbele ya nyumba yake. Wenzangu walipokuwa wanalisukuma, mimi nilisingizia mgongo nikaenda kukaa barazani kwake. Alikuwa mtu wa maneno mengi na majisifu ya wazi. Kabla sijauliza kitu alishaanza kunieleza kwamba kahawa yake inaishinda ya kijiji kizima, na kwamba wanaobisha wana wivu tu. Akanipa kikombe cha bati.

Mimi nimekulia Temeke, kwenye kahawa ya birika, nyeusi tii, chungu, inayosindikizwa na kashata. Nikatafuta sukari kwa macho. Akaniambia, "Onja kwanza, bwana mkubwa, halafu uniambie kama bado unaitaka hiyo sukari." Nikaonja. Ilikuwa laini, ina uchachu mdogo wa zambarau iliyoiva, na ukishameza kunabaki utamu ambao hujui umetoka wapi, maana hakuna aliyeutia. Nilicheka peke yangu kama mjinga. Mtu mzima na mvi zangu, nikaona kama sijawahi kunywa kahawa maishani.

Tangu siku ile kila msimu ananitumia mfuko kwa basi. Inakuja mbichi, kavu, imekwisha kukobolewa, na mkewe ameichagua punje kwa punje. Hakuna dalali kati yetu. Nikiwa na swali napiga simu, naye ananijibu kwa hotuba.

Jumamosi asubuhi nawasha jiko la mkaa uani, naweka kikaango kizito, nakoroga kwa mwiko bila kupumzika. Punje zinatoka ukijani zinakuwa za njano, zinaanza kunukia mkate, halafu zinapasuka tas, tas. Hapo ukizembea kuepua umepata mkaa. Nazipepeta kwenye ungo maganda yake membamba yaruke, nazitwanga kwa kinu ambacho mke wangu amekwisha kunikataza mara nyingi, namimina maji ya moto, nachuja kwa kitambaa. Kisha nakaa kwenye kigoda changu na kunywa taratibu. Kahawa ile inabadilika inavyopoa: ya moto ina ukali wa ganda la chungwa, ya vuguvugu ndiyo yenye zambarau. Sijapata raha nyingine ya namna hiyo katika umri wangu, na sioni haya kuisema. Haya yangu ni ya mambo mengine.

Kwa sababu raha ile ilinipandisha mabega. Niliacha kwenda kijiweni ambako wanaume wa mtaa wetu hapa Mbagala hukutana baada ya swala ya alasiri. Siku ya mwisho nilipokwenda nilimwambia muuza kahawa, mbele ya wateja wake, kwamba anauza maji ya mkaa. Alicheka. Wengine hawakucheka. Nikarudi nyumbani nikafunga geti, na tangu hapo nilikuwa mtu wa kutoka na kuingia tu. Kwenye misiba ya watu nilikuwa namtuma mke wangu.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu baada ya miguu kuanza kumkatalia. Mzaramo wa watu, amezoea nyumba ambayo mlango wake haujui komeo, jirani anaingia kuomba chumvi anatoka jioni. Kwangu alikuta ukuta na geti. Alimlalamikia binti yake kwamba nyumba ya mkwe wake iko kimya kama mchana wa Ramadhani. Nilijibu, kwa kupitia mke wangu, kwamba mgonjwa anahitaji utulivu. Mimi na mama tulikuwa hatuongei sana wenyewe. Mkwe ni mkwe. Kila asubuhi nilisimama nje ya pazia la chumba chake nikasema, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba baba, umeamkaje," na yakaishia hapo.

Ila harufu ilikuwa inamfikia. Jumamosi moja nilimsikia akimwuliza binti yake, "Hiyo kahawa inayonukia hivyo, anakunywaga na nani?"

"Peke yake, mama."

"Maskini," akasema mama mkwe.

Neno lile moja liliniudhi mpaka jioni. Kumpelekea kikombe hata hivyo sikumpelekea. Nilijiambia kwamba ataitaka sukari.

Mwaka jana mkulima wangu akanipigia kwamba anakuja Dar na mzigo wa msimu mwenyewe, hataki tena kupitishia kwa watu, anatafuta wanywaji kumi kama mimi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapanga kuwaalika wenzangu wa ofisini, watu wa Mbweni na Segerea, wenye magari na maneno, waje nyumbani Jumamosi waonje, na watakaopenda wanunue kwake moja kwa moja. Uani kwangu hakuna kivuli, nikakodi turubai na viti vya plastiki. Mwenye turubai akauliza kama nataka na spika. Nikasema sitaki hata redio, kwa sababu kahawa ile inataka mtu ajisikilize.

Mke wangu akaniuliza, "Na majirani?"

Nikasema, "Hao watataka tangawizi."

Akaendelea kukunja nguo.

Wiki ile ile mama mkwe alizidiwa. Alhamisi tulimpeleka hospitali kwa bajaji, akatundikiwa dripu, na jioni tukamrudisha akiwa hajiwezi. Tulimshusha nje, mimi na dereva, tukambeba kumwingiza ndani, wanawake wa nyumba za mbele wakiwa wamesimama wanatazama. Mmoja akauliza, "Hajambo bibi?" Nikasema hajambo, nikafunga geti. Kusema kweli alikuwa ameanza kupata nafuu. Lakini wao wangejuaje?

Jumamosi mkulima alifika na basi la alfajiri, hajalala, na hata hivyo hakuna aliyeweza kumzuia. Alitaka karai kubwa na kuni, mkaa aliuita mchezo wa watoto. Akavua koti akaanza kukaanga kwa wingi wa kutosha harusi. Moshi ukapanda juu ya turubai, harufu ikatoka nje ya ukuta. Geti tuliliacha wazi kwa ajili ya magari ya wageni. Mke wangu akaenda kufuata dawa za mama na vitafunio. Mama alikuwa amelala. Mimi nikagundua kwamba vikombe havitoshi, nikakimbia sokoni Rangi Tatu kununua.

Niliporudi na boksi langu la vikombe nilisikia kilio kabla sijafika kwenye kona.

Uani kwangu kulikuwa kumejaa. Wanawake wa mtaa walikuwa wameketi kwenye mikeka waliyokuja nayo wenyewe, kanga kichwani, wengine wanalia kwa sauti. Wanaume wa kijiweni, wale wale, walikuwa wanapanga viti vyangu upande wa pili. Mmoja alikuwa ameleta gunia la mkaa. Muuza kahawa niliyemtukana alikuwa amekuja na birika lake kubwa na anauliza maji yako wapi. Na katikati ya wote mkulima wangu, kofia ameiweka chini, anakoroga karai polepole kwa huzuni.

Nilijua mama mkwe amekufa. Na wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Na wageni wangu je?" La pili ndilo lilikuwa la mama. Yalifuatana karibu sana, lakini najua lipi lilitangulia.

Mkulima akanishika mkono. "Pole sana, bwana mkubwa. Wamenikuta nakaanga wakaanza kulia, nikasema basi limeshatokea. Nikaona nisiepue, msibani kahawa itahitajika."

Nikaingia ndani karibu mbio. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikafungua pazia la chumba cha mama mkwe. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anakoroma.

Nilirudi nje nikamwita pembeni mama anayeuza mihogo ya kukaanga nyumba ya mbele, mkubwa wa wanawake wote wa mtaa. Nikamnong'oneza kwamba mama hajafa.

"Hajafa?" Akaziba mdomo kwa kanga. "Na turubai?"

"La kuonja kahawa. Nina wageni wa ofisini."

Aliitazama safu ya viti, akalitazama karai, akanitazama mimi. Hakukasirika, na hilo ndilo lilinimaliza. "Baba, juzi tumemwona anabebwa. Leo turubai, viti, kahawa, na muziki hamna. Turubai bila muziki ni nini hapa kwetu? Halafu geti lako liko wazi. Sie tangu mhamie hatujaliona wazi. Tukajua hapa kuna mtu kaondoka."

Nimezaliwa Temeke, nimekulia chini ya maturubai ya namna hiyo, na nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto wa chekechea wa Mbagala anakijua. Nilichokifikiria wakati ule kilikuwa kimoja: wenzangu wasikute hali hii. Walikuwa njiani. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nikaandika kwenye kundi letu la simu kwamba samahani, leo haiwezekani, tumepatwa na msiba. Nilichagua msiba kwa sababu udhuru mwingine wowote watu wanauulizia maswali. Mmoja akajibu upesi: pole sana, ni nani? Ofisi nzima ilikuwa inajua nina mgonjwa. Kidole kikaenda chenyewe. Niliandika: mama mkwe.

Nikazima simu nikaitia mfukoni, na niliona nimejiokoa.

Nilipotoka nyuma ya tangi habari ilikuwa imeshazunguka mikeka yote. Vilio vilikuwa vimekatika, wanawake wanafutana machozi, kicheko kinaanza kuwaponyoka na kinazuiwa. Na hapo ikasikika sauti kutoka dirishani, "Nje kuna nini? Mbona nasikia watu?"

Mama wa mihogo akaingia ndani bila kuniuliza. Akamvika mama mkwe kanga safi, akamshika upande mmoja, mwanamke mwingine upande wa pili, wakamtoa. Alisimama mlangoni akifinya macho kwa sababu ya jua. Aliona turubai. Aliona mikeka na watu waliojaa.

"Nani kafanya haya?"

Watu wale walikuwa wamekuja kumlilia mwanamke huyu, na kila mmoja pale alikuwa ameshajua kwamba mimi nilikuwa na sherehe yangu ambayo hawakualikwa. Mama wa mihogo akanitupia jicho, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mkweo huyo, dada. Katwambia mama yangu mpweke, njooni mnywe naye kahawa."

Hakuna aliyepinga. Hakuna hata aliyekohoa. Muuza kahawa aliinama kupuliza moto wake. Hivyo ndivyo watu wanavyositiriana kwetu, na mimi nilisitiriwa mchana kweupe na watu niliowafungia geti.

Mama mkwe alianza kulia. "Nilidhani nitafia humu ndani sijasikia sauti za watu," akasema. Akainua mikono. "Mwanangu, Mungu akulipe. Akupe umri. Akusitiri na aibu za dunia."

Wote wakaitikia amina. Mimi pia nikaitikia, nikitazama kandambili zangu.

Wakamketisha katikati ya mkeka, mito mgongoni. Mkulima alipoelewa kwamba hakuna aliyekufa alifurahi kana kwamba ni yeye aliyemfufua, akaanza hotuba yake ya miti na udongo huku anatwanga, na wanawake wakawa wanampokea mchi kwa zamu. Kahawa ikachujwa. Nusu yao wakaitia sukari, wengine tangawizi, mmoja akachovya andazi. Nilifungua kinywa kusema kitu nikakifunga. Mama mkwe aliletewa kikombe na mkulima mwenyewe, aliyemwambia, "Onja kwanza, bibi." Akaonja. Akakaa nayo mdomoni.

"Utamu wake uko mbali," akasema. "Lakini unakuja."

Nilikuwa nimekaa na kahawa ile miaka kadhaa, kwenye kigoda changu, na sikuwahi kuisemea hivyo. Nami nikapewa kikombe, nikaketi kwenye kiti cha plastiki kati ya wanaume wa kijiweni. Muuza kahawa akanigusa kwa kiwiko akasema, "Hii kweli siyo maji ya mkaa, braza." Tulicheka sote. Ilikuwa tamu kuliko ya siku yoyote. Mama mkwe alikuwa anasimulia ngoma za ujana wake, wanawake wanamshangilia, na mimi nilianza kujiona kidogo kama mtu aliyefanya jema. Nilianza hata kuamini kwamba niliwaalika.

Ndipo magari yakasimama nje.

Nilikuwa nimesahau jambo la pili. Ukitaka watu wa mji huu wasije kwako, waambie una kikao cha mchango wa harusi. Msiba unawaleta. Wenzangu walikuwa wameusoma ujumbe wangu, wakajikusanya, wanawake wakajifunga kanga juu ya nguo zao za kuonjea kahawa, wakaja mbio zaidi kuliko ambavyo wangekuja kunywa. Waliingia kwa mstari, nyuso zimeinama, bosi wangu mbele ameshika bahasha. "Poleni, poleni sana," wakawa wanasema kulia na kushoto. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Nilisimama nikarudi nyuma.

Dada mmoja wa ofisini kwetu, mwenye moyo laini, alimwona mama mkwe ameketi katikati kwenye mito, wanawake wamemzunguka, akamdhania ndiye mfiwa mkubwa. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Pole sana, bibi. Kazi ya Mungu."

"Ahsante, mwanangu," mama akasema, maana pole haikataliwi. "Kwani kuna nini tena?"

"Si huu msiba, bibi. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Marehemu gani?"

Yule dada akageuka kunitafuta kwa macho. Hakunipata, nilikuwa nyuma ya nguzo ya turubai. "Mama mkwe wa bwana mwenye nyumba," akasema.

Mama mkwe akaichomoa mikono yake. "Mama mkwe wake ni mie."

Mama wa mihogo akajaribu tena. Akacheka kwa nguvu, akasema ni mashaka ya watu tu, dada, si unajua watu wakiona turubai na wewe ulikuwa unaumwa, hata sie wenyewe asubuhi tulikuja na vilio vyetu. Alikuwa tayari kujivika aibu yote yeye na mtaa mzima ili mimi nibaki na nguo. Mama mkwe akamwinulia mkono.

"Nyie mmeona turubai," akasema. "Hawa wametoka mbali na magari. Huko kwao waliona nini?"

Bosi wangu aliirudisha bahasha mfukoni, akaitoa tena, hakujua aifanyeje. Mkulima alikuwa ameacha kutwanga.

Kisha mama mkwe akanitafuta, akanipata, akanitazama usoni. Mama mkwe hamtazami mkwewe hivyo. Katika miaka yote ile hatukuwahi kutazamana macho kwa macho, na sikujua kwamba macho yake ni ya rangi nyepesi, kama ya mke wangu.

"Ni wewe, baba?"

Uongo ulikuwepo. Ningeweza kusema simu imeibiwa, ningeweza kusema mtu kaandika kwa makosa, na nadhani wote pale wangeuitikia amina kama walivyouitikia ule wa kwanza. Nilishindwa kuutoa.

"Ni mimi, mama."

Aliinamisha kichwa akakitazama kikombe chake. Nilisubiri anilaani. Alipoinua uso hakuniangalia tena. Aliwatazama wenzangu waliokuwa bado wamesimama na kanga zao, hawajui waketi au waondoke.

"Karibuni mkae," akawaambia. "Marehemu ndo mie. Sogeeni hapa mkekani, kahawa inapoa."

Wakakaa. Mke wangu alikuwa ameingia wakati huo na kapu lake, amesimama getini, amesikia yote. Nikachukua birika, nikapiga magoti nikaanza kumimina, nikianzia kwa mama mkwe, na mama wa mihogo akanishikia kikombe.